Bingwa wa pool akipewa meza ya snooker, atatoboa?

MwishoWaReli: Juzi baa moja hapa Mwanga, Kigoma, ubishi ulitaka kuvunja urafiki. Mmoja kadai mchezaji wa pool wa kulipwa akijifua miezi sita tu anawasumbua wa snooker, ule mchezo wa fimbo wa meza kubwa, eti fimbo ni fimbo. Mimi nabisha. Karibuni.

ChakiMkononi: Fimbo si fimbo, mkuu. Meza ya snooker ni futi 12 kwa 6, hizi zetu za baa futi 7. Niliwahi kuigusa Dar, mara moja. Mpira ambao hapa nadumbukiza huku naongea na simu, kule uligonga mdomo wa shimo ukatoka kunicheka. Midomo ile imeviringwa, haikusaidii. Saa nzima, pointi 11! Na mimi si wa kubahatisha kama vijana wa Ujiji wanaochezea meza iliyoegeshwa tofali mguuni.

SokoniUjiji: Mark Selby je? Bingwa wa dunia wa pool 2006, wa snooker 2014. Kesi imefungwa. Na hilo tofali umeliona wapi?

KibiriziKwetu: Selby analipwa kwenye snooker tangu 1999, mzee. Halafu ile ilikuwa pool ya Waingereza, mipira midogo, mashimo yamepinda kama ya snooker. Hakutoka mbali.

SokoniUjiji: Nimeuliza tofali.

BintiKatonga: Allison Fisher alibeba ubingwa wa dunia wa snooker ya wanawake mara 7, mwaka 1995 akahamia Marekani, akaenda kuwanyoosha kwenye pool. Tony Drago naye katoka snooker akachukua taji la World Pool Masters 2003. Wanaoshuka wapo tele. Nitajieni mmoja aliyepanda.

Mgebuka_Mkavu: Dada, fimbo umeishika lini wewe?

BintiKatonga: Siku niliyomfunga kaka yako akaondoka bila kulipia meza.

ChakiMkononi: 😂😂 Tofali lipo, karibu na stendi. Mpira mweupe ukiuacha katikati unajiendea wenyewe taratibu hadi shimo la upande wa jiko. Wenyeji wanalijua hilo, wanapiga kwa kuvizia. Mgeni unaliwa hela hujui kwa nini.

SokoniUjiji: Kwa hiyo ulifungwa.

ChakiMkononi: Nilifungwa na mteremko.

SokoniUjiji: Ulifungwa na dogo wa sekondari, tano bila. Nilikuwepo, ulikuwa na shati la bluu. Mwanga mnajua maneno tu.

KibiriziKwetu: Ila tuwe wakweli, hata huyo wa snooker mlete kwenye hilo tofali tuone. Kazoea mipira ya milimita 52.5, ghafla anakutana na huo mteremko...

Mgebuka_Mkavu: Hapo sasa! Anayejua meza ndiye bingwa.

MwishoWaReli: Kwani tumefikaje kwenye mteremko?

SokoniUjiji: Jumamosi saa kumi, ChakiMkononi, njoo. Kreti moja ya soda. Tofali limeshatolewa.

BintiKatonga: Nimepita pale asubuhi. Ni kweli limetolewa. Wameweka kopo la rangi.