MREJESHO: Taarabu kusomeka "Other" kwenye redio ya gari

Wakuu, niliuliza kwa nini nyimbo 14,000 nilizozipanga kwa aina zinakaa sawa kwenye kompyuta, ila redio ya gari inaita taarabu yote "Other". Limeisha.

Kosa liko kwenye tagi (taarifa za wimbo zilizoandikwa ndani ya faili: jina, msanii, aina), folda hazihusiki. MP3 huweza kubeba tagi mbili: ID3v1 ya zamani, inayohifadhi aina kwa namba kutoka orodha ya awali ya aina 80 (taarabu haimo, dansi letu wala usiliulize), na ID3v2, inayokubali neno lolote. Redio ilishika ile ya zamani.

Kwenye Mp3tag (programu ya kompyuta ya kuhariri tagi), mipangilio ya tagi, sehemu ya Mpeg: kuandika weka ID3v2.3 UTF-16 pekee, kwani ID3v2.4 husumbua redio nyingi. Chagua nyimbo zote, Ctrl+S (kuhifadhi tagi). Ndipo kwenye kufuta uache tiki ya ID3v1 TU, kisha Ctrl+R (kufuta tagi). Tafadhali hakikisheni hapo: tiki ya ID3v2 ikibaki, majina yote yanafutika. Na ukiruka Ctrl+S, faili zenye ID3v1 peke yake zinabaki tupu.

Pia "Taarab", "Taarabu" na "Tarabu" redio inazihesabu aina tatu. Chagua tahajia moja.