Nimetibu miaka 15, leo nikiomba kusomea udaktari naambiwa nimezeeka

"Mama, umekuja kumfuatilia mtoto?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa kwenye dirisha la udahili la chuo kimoja cha tiba. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kutoka Tabora, bahasha ya vyeti nimeikumbatia kifuani nisije nikaiacha kwenye basi. Nikamjibu kijana yule kwamba mwombaji ni mimi mwenyewe. Akanitazama, akamwita mwenzake, wakakiinamia cheti changu cha kuzaliwa. 1985. Mwenzake akasema, na foleni nzima ikasikia: "Dada, hii kozi ni miaka mitano, na mmoja wa utarajali. Ukimaliza utamtibu nani?"

Wakuu, ni wiki ya tatu sasa na neno lile bado limenikaa kooni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Nitamtibu nani? Nitawatibu hawa hawa ninaowatibu leo. Mimi ni Afisa Tabibu, CO kama mnavyotuita. Nilimaliza stashahada ya utabibu 2008, nikaajiriwa 2009, na tangu hapo niko vijijini mkoa wa Tabora, kwanza zahanati, sasa kituo cha afya. Watu wa kata yangu hawajui CO ni nani na MD, daktari wa shahada, ni nani, wote wanaita daktari. Mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku, dirisha linalogongwa ni langu. Kijana akidondoka na bodaboda, analetwa kwangu. Sijawahi kusikia mgonjwa akiniambia mama umezeeka, niitie mdogo.

Niwasimulie usiku mmoja tu, ndio mtaelewa kwa nini nataka kurudi darasani na watoto wangu watatu na miwani yangu ya kusomea.

Ilikuwa Januari, mvua imeshika. Analetwa mama wa mimba ya nne, uchungu tangu jana yake, nyumbani wamemhangaisha na dawa za kienyeji. Namfunua, mtoto ametanguliza mkono. Yeyote aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi anajua maana yake: hapo hakuna cha kusubiri, ni kisu. Kituo chetu kina chumba cha upasuaji. Kilijengwa wakati vituo vingi vya afya nchini vilipokuwa vinajengewa, kina kitanda, kina taa, kina mashine ya nusu kaputi. Daktari wetu ni mmoja, na siku hiyo alikuwa safarini kikazi. Kwa kada yangu siruhusiwi kushika kisu hicho, na sikufundishwa. Nikaweka dripu, nikaweka mpira wa mkojo, nikaandika rufaa, nikapanda naye gari. Kilomita sabini za udongo mweusi wa mbuga. Tulikwama mara mbili, mara ya pili ndugu zake walishuka kusukuma, matope magotini, mama ndani ananishika mkono ananiambia daktari, nimesikia kitu kimekatika tumboni.

Kizazi kilikuwa kimepasuka. Mama alipona, kizazi kilitolewa. Mtoto hakupona.

Nilirudi asubuhi nikapita mbele ya chumba chetu cha upasuaji, kimefungwa kwa kufuli. Siku hiyo hiyo nilitoa vyeti vyangu sandukuni.

Sasa nije kwenye ugomvi wangu, maana najua kuna mtu atakuja hapa kuandika "sifa hauna, acha kulalamika." Ninazo. Mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, umeandika wazi kwamba mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba MD akiwa na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na kidato cha nne awe na angalau D ya Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Wastani wangu ni B. Hisabati yangu ni D ya mwaka 2003, niliipigania shule ambayo mwalimu wa somo hilo alikuwa mmoja kwa madarasa manne. Katika sifa hizo hakuna mstari unaotaja umri. Ningekuta umeandikwa, ningelia nikanyamaza.

Umri umewekwa kwingine, vipande vipande, na kila kipande kinakufungia mlango wake.

Kwanza, namba ya uhakiki wa stashahada, ile AVN. Mwenye stashahada haombi chuo bila hiyo namba, na namba haitoki kama matokeo yako hayamo kwenye mfumo. Sisi wa miaka ile matokeo yetu yako kwenye madaftari na makabati. Nilikwenda chuoni kwangu mara tatu. Mara ya kwanza mhusika yuko likizo. Mara ya pili kabati limehamishwa. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri nikakataa kuondoka. Walipopandisha matokeo ilishapita miezi minne na dirisha la maombi limefungwa. Mwaka mzima umekwenda hivyo, kwa kabati! Aliyemaliza juzi anaipata namba yake bila kutoka nyumbani.

Mwaka uliofuata nikaomba vyuo vitatu. Vya serikali viwili sikuchaguliwa, na hilo silalamikii, wenye stashahada ni wengi, nafasi ni chache, GPA zao ziko juu. Cha binafsi nikachaguliwa. Ada zaidi ya milioni tano kwa mwaka, bila chakula, bila chumba, bila vitabu. Nikasema sawa, nitaomba mkopo kama wanafunzi wengine.

Mwongozo wa mikopo: mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35. Awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Asiwe na ajira rasmi inayomwingizia kipato. Nimeanguka kote. Halafu mtu ananiambia kirahisi, acha kazi, jisomeshe. Niache kazi? Someni matangazo ya ajira serikalini: umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walio kazini serikalini. Nina 39. Nikiingia chuo mwaka huu, miaka mitano, na utarajali mmoja, natoka nikiwa na 45 kamili. Likizo moja ya ugonjwa, mwaka mmoja wa kurudia somo, nimepita 45 na niko nje ya utumishi. Yaani kazi hiyo hiyo ya kutibu niliyoifanya tangu nina miaka 24 nisiweze tena kuajiriwa serikalini kuifanya, kwa kosa la kwenda kuisomea vizuri zaidi.

Basi nikaomba ruhusa ya masomo ili nibaki kazini. Nilipeleka barua mwezi wa sita, imepita kwa mganga mfawidhi, imepita kwa mganga mkuu wa wilaya, ikafika utumishi ikalala. Nikifuatilia naambiwa mpango wa mafunzo wa mwaka huu umejaa. Siku moja nikaambiwa maneno ambayo nayaandika kama nilivyoyasikia: "Tukimpeleka kijana, halmashauri itamtumia miaka thelathini. Wewe tutakutumia mingapi?" Chuo kikafungua, wiki ya usajili ikapita, nafasi yangu wakapewa wengine. Barua ya majibu ilikuja Desemba. Imekataliwa.

Hesabu hiyo ya miaka inanichoma kuliko yote. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Nikianza udaktari na 45 nina miaka 15 ya kazi mbele yangu. Mnajua ni madaktari wangapi vijana wamepita kituoni kwetu tangu nifike? Watano. Aliyekaa muda mrefu alikaa miaka miwili na miezi michache. Siwalaumu, nyumba ya mtumishi ilikuwa inavuja, wana ndoto za kusomea ubingwa, wanahama mjini. Mimi nina shamba hapa, nina nyumba hapa, mume wangu anafundisha shule ya msingi hapa. Miaka 15 ya mtu anayebaki inapungukaje mbele ya miaka thelathini ambayo miwili tu ndiyo inafika Tabora vijijini?

Na hawa wadogo zangu walipofika kwa mara ya kwanza, ni nani aliyewaonyesha namna ya kumpata mshipa mtoto aliyekauka kwa kuharisha? Ni nani aliyewaambia kwamba mwezi wa pili malaria inapanda na watoto wanakuja weupe, damu imeisha, kwa hiyo wachangiaji waanze kutafutwa mapema? Nilifanya kwa moyo na nitafanya tena. Lakini nisiambiwe kichwa changu hakiwezi tena kushika biokemia. Kichwa hiki kimeshika dozi za watoto kwa uzito wao bila kufungua kitabu kwa miaka 15.

Nchi hii ilishawahi kufikiri tofauti, ndiyo maana nasema hasira yangu si ya kujitafutia huruma. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu amalize kidato cha sita, aende JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, apate na maoni mazuri ya mwajiri wake, ndipo aombe chuo kikuu. Kufika chuoni ukitoka kazini ndiyo ilikuwa njia yenyewe. Baadaye likalegezwa, na lilikuwa na matatizo yake, wazee wangu wameniambia, hasa kwa wasichana. Lakini wazo kwamba aliyeshika kazi anajua kwa nini anasoma lilikuwa wazo letu, hatukuletewa.

Na tulikuwa na njia yetu ya kupanda. CO alifanya kazi miaka kadhaa, akarudi chuo miaka miwili, akatoka AMO, Daktari Msaidizi, anapasua. Utafiti uliofanyika hospitali za Mwanza na Kigoma, ukachapishwa 2009, ulikuta zaidi ya nane katika kila upasuaji kumi wa uzazi ulifanywa na AMO. Watu wa kada yangu, wengi wao wazazi wenye watoto, ndio walioshika kisu usiku huko pembezoni. Mafunzo hayo yakasitishwa, tukaambiwa anayetaka kupanda asome MD. Sawa! Tumekuja kwenye MD. Ngazi ya zamani mmeiondoa, na hii mpya mmeipandisha juu ya umri wetu.

Msiniambie nikasome shahada ya Afya ya Jamii, nimeshaambiwa na watu kumi. Ni miaka mitatu, inapandisha mshahara, wenzangu wengi wamekwenda na nawaheshimu. Wote wametoka wodini. Wanakaa ofisini wilayani na kompyuta, wanakusanya takwimu za vifo vya wajawazito ambazo mimi ndiye ninayezituma. Sitaki kuhesabu. Nataka ule mlango wenye kufuli ufunguliwe na mimi niwe na ruhusa ya kuingia.

Siombi nipendelewe kwa mtoto wa Fomu Six mwenye A tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, ana haki yake. Ninachodai ni kwamba mtumishi wa afya aliyefanya kazi miaka kumi kijijini asinyimwe mkopo kwa umri, akatwe makato kwenye mshahara wake ambao tayari uko mikononi mwa serikali. Kuna mkopaji gani wa uhakika kuliko huyo? Na ruhusa ya masomo ikiombwa Juni ijibiwe kabla vyuo havijafungua, hata kama jibu ni hapana, mtu ajue.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu yote. Aliyeandika kwamba nina tamaa ya kuitwa daktari, nimeshakuambia, wananiita hivyo tangu 2009. Aliyeuliza mume wangu anasemaje: tulikaa tukapiga hesabu kwenye daftari la mtoto, yeye ndiye aliyesema tuuze ng'ombe wanne kwa ada ya muhula wa kwanza. Aliyeniambia "bibi kalee wajukuu," mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili.

Kwa wale walionitumia ujumbe binafsi kwamba waliingia MD wakiwa na miaka 36, 41, na yule kaka wa 43, asanteni, nimewasoma nikilia. Tafadhali njooni muandike hapa hadharani, wengine wasome. Nataka kujua mambo matatu: ruhusa ya mwajiri mliipata kwa barua ya namna gani na ilichukua muda gani, mwaka wa kwanza ada mlilipaje, na kwenye kubadilishiwa kada mlisubiri ikama, yaani nafasi iliyoidhinishwa, muda gani mkiwa na shahada mkononi mnalipwa mshahara wa stashahada. Na kama kuna mtu wa utumishi humu anayejua hatua ya rufaa baada ya mkurugenzi kukataa ruhusa ya masomo, naomba aniandikie inapelekwa wapi na kwa siku ngapi. Barua yangu ya pili nimeshaiandika, naipeleka Jumatatu nikitoka zamu.