Mrejesho: bushi za amu za mbele nimebadilisha, usukani umetulia

Wakuu, nilileta swali la gari kuyumba nikifunga breki na matairi ya mbele kuliwa upande wa ndani. Mlionielekeza kwenye bushi za nyuma (vipande vya mpira kwenye maungio) za amu za chini, yaani mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, mlipatia. Fundi aliingiza mtaimbo akaisukuma amu, ikacheza waziwazi. Mpira ulishaachana na chuma. Bushi ikiwa hivyo, ukifunga breki gurudumu linarudi nyuma na pembe ya tairi inabadilika, ndiyo maana alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) haikuwa inakaa hata ikipimwa upya.

Nimefunga za poliurethani, aina ya plastiki iliyo ngumu kuliko mpira. Usukani sasa unaitika papo hapo na gari linasimama limenyooka. Ila mtetemo umeongezeka, changarawe naisikia mikononi kuliko zamani. Anayependa ulaini abaki na mpira wa kiwandani tu. Hizi pia zinataka grisi yake maalumu, zikikauka zinalia kama kitanda kikuukuu.

Kwa wanaofunga za mpira: bolti za amu zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia kwenye jeki, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Mafundi wengi hili wanaliruka, simamia mwenyewe.

Alaimenti nilipima baada ya kufunga. Matairi ya zamani yalishaharibika, hivyo suala la kuliwa nitalihukumu kwa mapya.