Naomba ushauri: nimweleze vipi mwanangu jina la bata mzinga?

Habari zenu ndugu zangu. Mwanangu wa darasa la tano kaniuliza kwa nini Waingereza humwita bata mzinga "turkey", jina lile lile la Uturuki. Ninachojua, ndege huyu asili yake ni Amerika. Kabla ya kumfahamu, Waingereza waliwaita "turkey" kanga wa Afrika, waliowafikia kupitia wafanyabiashara wa dola ya Waturuki; karne ya 16 jina likahamia kwa huyu mgeni. Ajabu ni kwamba Waturuki wenyewe humwita "hindi", na Wareno "peru"!

Sasa mtoto kanibana: mbona sisi tunamwita bata na hafanani na bata hata kidogo? Na huo mzinga ni upi? Sitaki kumbabaisha. Walimu wa Kiswahili, nimjibu nini?