Familia ya Barabara ya 12, Ngamiani

*Alhamisi*

Da Mwajuma 07:04
Asalaam alaykum. Picha za jana usiku mmeziona? Pale ulipokuwa ukuta kati ya sebule na chumba cha Mama pamelowa tena. Hamisi kapiga deki juzi, leo maji yako palepale. Nikahi ya Rukia imebaki wiki 5. Kila mtu aseme neno.

Da Mwajuma 07:51
Tiki za bluu naziona. Kumi na nne.

Mjomba Kassimu 07:58
Pandeni mpunga. Masika hii hatununui mchele.

Rukia 07:59
😂😂😂 Mjomba

Hamisi 08:20
Shikamoo mjomba. Fundi anasema tupige marumaru juu, unyevu utajifia hukohuko chini.

Da Mwajuma 08:21
Utajifia? Ni panya huo? Bakari uko wapi, wewe ndiye wa ujenzi.

Da Mwajuma 09:30
Bakari.

Bakari 10:12
Nilikuwa saiti dada. Hamisi, ukuta umevunjwa mpaka usawa wa sakafu tu, bloku za msingi bado zimo. Bloku inanyonya maji kama utambi wa kandili. Zamani yalipanda yakaishia ukutani, ndiyo maana rangi ya upande ule ilibabuka kila masika na Mama akisema ni nyie mnaegemea. Sasa ukuta haupo, yanatokea sakafuni.

Rukia 10:14
Nimechapwa kwa ajili ya ule ukuta jamani 😭

Bakari 10:19
Hizo bloku zikatwe zishuke inchi 6 chini ya sakafu. Mwaga mchanga laini ili mawe yasitoboe. Halafu nailoni nyeusi nzito, unene wa geji 1000, siyo hii ya kufunikia nyanya. Ipande pembeni pande zote mbili. Ikikutana na nailoni ya jamvi la zamani, yaani zege la sakafu, zilaliane si chini ya inchi 6 na zigundishwe. Ndipo zege, saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne.

Mjomba Kassimu 10:22
Geji 1000? Mbona ndiyo geji ya reli yetu ya Tanga, milimita 1000 kamili kati ya chuma na chuma. Sebule itapita treni.

Salim 10:23
Mjomba, reli ulifanya miaka mingapi vile?

Mjomba Kassimu 10:25
Mpaka wakanichoka.

Da Mwajuma 10:25
Jamani. Sakafu.

Hamisi 10:40
Na kama jamvi la zamani halina nailoni?

Bakari 10:44
Nyumba ya 1974 haina, amini. Sasa pima kwanza. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, mita moja kutoka kwenye huo mstari, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku 2. Ukikuta majimaji chini ya nailoni, sakafu nzima inanyonya, siyo mstari tu. Yakiwa juu yake, ni mvuke wa ndani, fungueni madirisha.

Hamisi 10:51
Sawa. Fundi anataka mifuko 6 ya saruji.

Bakari 10:58
Mifuko 6? Futi 12 kwa futi 1 kwa inchi 4, zege lake halimalizi mfuko mmoja. Weka wa pili wa niru ya kulainishia juu. Anajenga gati?

Da Mwajuma 11:00
Hamisi, isiwe kama tangi.

Hamisi 11:01
Tangi limeingiaje hapa?

Salim 11:03
Mimi nilitoa laki mbili na mpaka leo nikija naoga kwa ndoo. Nauliza tu.

Hamisi 11:06
Nani alilala hospitali ya Bombo na Mama miezi miwili? Si mimi na mke wangu? Nyie mnakuja Idi kwa Idi mnahesabu tangi.

Salim 11:07
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Rukia 11:30
Naomba tuheshimiane, mtoto yumo humu.

Shangazi Bi Tatu 13:15
Huyu ni Yusra namwandikia Bibi. Anasema hivi. Ukuta mmeuvunja bila kuniuliza, haya. Kaka yangu alipojenga, barazani palikuwa na ngazi tatu za kupanda. Leo ziko ngapi? Barabara imeinuliwa, kila jirani kamwaga kifusi chake, nyumba imebaki shimoni. Maji yanaingia kwa ubavu, upande wa Mwanahawa. Nailoni wekeni, lakini nje pachimbwe kwanza. Na habari ya tangi sitaki kuisikia tena nikiwa hai.

Salim 13:17
Shikamoo shangazi. Samahani.

Hamisi 13:17
Shikamoo shangazi. Nimesikia.

Mjomba Kassimu 13:20
Dada kasema kweli. Ngazi mbili nilizifukia mimi mwenyewe, mwaka wa mafuriko.

Bakari 13:41
Basi hapo shangazi kanipiku. Udongo wa nje ukiwa juu kuliko sakafu, mfereji wa ndani peke yake ni bure. Ushushwe inchi 6 chini ya usawa wa sakafu, uinamie mbali na ukuta. Na dada, zege la inchi 4 halikauki kwa wiki 5, kisia mwezi kwa kila inchi. Marumaru zisubiri.

Da Mwajuma 13:44
Na wageni wakae wapi?!

Bakari 13:50
Mikeka. Zulia zito msitandike, litaoza.

Mjomba Kassimu 13:52
Jamvi juu ya jamvi.

Da Mwajuma 14:05
Sawa. Hamisi apime. Salim aongee na Mwanahawa tuchimbe upande wake.

Salim 14:30
Mimi? Baada ya yale ya mwembe?

Da Mwajuma 18:12
Nani ataongea na Mwanahawa?

Seif Maskati 23:48
Ndiyo natoka kazini. Ukuta gani umevunjwa?

*Ijumaa*

Da Mwajuma 06:30
Seif soma juu. Hamisi, umebandika?

Hamisi 06:52
Nilibandika. Paka kaing'oa.

Hamisi 07:15
Fundi yuko mlangoni na mifuko 4, anasema amepunguza. Nimwambieje?

Mjomba Kassimu 07:21
Mpe chai.