Densi ya tumbo Mwanza, kuna mwenzangu?

Binti_Kirumba: Jamani hapa Mwanza kuna anayecheza ile densi ya tumbo ya Misri? Mi najifunza geto kwa video, nimetoboa vifuniko vya soda nikashonea kwenye kanga, nikitikisa kiuno vinalia chwa chwa mpaka jirani kagonga ukuta 😂 ila raha yake sasa!

MamaNyegezi: Karibu shoga. Legeza magoti, kifua kitulie, kiuno kichore namba nane taratibu. Mi nashinda nimekaa dukani, nikicheza jioni mgongo unalegea wenyewe.

Ngosha_wa_Igoma: Si kukata mauno tu hiyo?

MamaNyegezi: Kaka, Wamisri wanaiita raqs sharqi, jaribu dakika tano tu usipohema njoo uchukue sato wangu.

Binti_Kirumba: Dada nakuja Jumamosi, na kanga yangu