Akselerometa yangu inasema jengo limehama mita 17: tatizo ni chipu au ni mimi?

Mpimaji_Dar

Wanajukwaa, salaam. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu mtikisiko wa majengo marefu jijini Dar es Salaam wakati upepo wa kusi unapovuma. Kifaa ninachotumia ni akselerometa (kipima mchapuko) ya chipu ya bei nafuu, ya aina inayotumika kwenye simu. Niliiweka ndani ya boksi dogo la plastiki, nikalibandika kwenye sakafu ya ghorofa ya juu kabisa kwa mkanda wa gundi wenye sponji, kisha nikarekodi usiku kucha. Nilipojumlisha mchapuko, yaani kiasi mwendokasi unavyobadilika kila sekunde, ili nipate mwendokasi, na kujumlisha tena mwendokasi ili nipate umbali, hesabu ikaniambia kwamba ndani ya dakika moja jengo limehama mita 17 na ushei kuelekea baharini.

Jambo la pili linalonisumbua lilitokea asubuhi. Ilipofika saa tatu jua liliingia dirishani likaligusa boksi, na usomaji ukaanza kupanda taratibu ingawa upepo ulikuwa umetulia. Jua lilipohama usomaji ulishuka, lakini haukurudi pale ulipoanzia.

Naomba kueleweshwa: msanifu wa akselerometa ya usahihi wa juu hufanya nini ambacho aliyesanifu chipu yangu hakukifanya? Na je, nikiomba fedha za kununua kifaa ghali, matatizo haya yataisha?

Mizani_Nyeti

Ndugu Mpimaji, hizo mita 17 zinatueleza mengi. Kosa la sifuri, yaani kile ambacho kifaa husoma pale kinapopaswa kusoma sifuri, likiwa sehemu moja ya elfu ya g (g ni mchapuko wa uvutano wa dunia), yaani mita 0.0098 kwa sekunde mraba, likijumlishwa mara mbili kwa sekunde 60 huzaa mita 17.6. Kwa hiyo chipu yako imekosea kwa mili-g moja hivi tu, jambo ambalo kwa chipu ya simu ni la kawaida kabisa. Kosa hukua kwa mraba wa muda, na ndiyo maana dakika ya kwanza inatisha na ya kumi inakuwa kichekesho.

Sasa kuhusu usanifu. Kila akselerometa ya namna hii ni tungamo dogo lililoshikwa na springi. Fremu ikisogezwa, tungamo hubaki nyuma kidogo, na umbali huo wa kubaki nyuma ndio tunaoupima. Ukubwa wake ni mchapuko uliogawanywa kwa mraba wa frikwensi asilia ya tungamo na springi yake (idadi ya mitetemo kwa sekunde, au Hz, vikiachwa vitetemeke vyenyewe), frikwensi hiyo ikihesabiwa kwa radiani kwa sekunde. Katika kanuni hiyo moja ndimo ulimo ugumu wote wa kazi hii. Chukua springi ngumu yenye frikwensi asilia ya Hz 1,000: mchapuko wa mikro-g moja (sehemu moja ya milioni ya g) husogeza tungamo kwa robo ya pikomita, umbali ambao ni mdogo mara mia kadhaa kuliko atomu moja. Ukichukua springi laini ya Hz 1, mchapuko uleule husogeza tungamo kwa robo ya mikromita, yaani mara milioni moja zaidi, na hapo upimaji unakuwa rahisi mno. Lakini ukikisimamisha kifaa hicho wima, uzito wa tungamo lenyewe utaivuta springi kwa sentimita 25! Hakuna boksi dogo linaloweza kubeba kitu hicho, na hata likiweza, springi iliyovutwa kiasi hicho haitakuwa tena na tabia ileile.

Njia waliyoipata wasanifu, na ambayo kwangu ni mojawapo ya mawazo mazuri sana katika fani ya vipimo, ni kutoliruhusu tungamo lisogee. Katika akselerometa za kusawazisha nguvu, kama zile zenye bawaba ya kwatsi zinazotumika katika mifumo ya uongozaji wa ndege, tungamo ni kisahani kinachoning'inia kwenye bawaba nyembamba sana iliyochongwa kwa kemikali. Elektrodi za pande mbili hulinganisha kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, unaobadilika kisahani kikisogea), na kisahani kikianza tu kuondoka katikati, mkondo wa umeme hupelekwa kwenye koili iliyo ndani ya uga wa sumaku ili kukirudisha. Mkondo huo wa kukirudisha ndio kipimo chenyewe. Bawaba inaweza kuwa laini kwa sababu haibebi mzigo, na kwa kuwa kisahani hakiondoki katikati, tabia za springi zinazobadilika na umbali hazina nafasi ya kuharibu usomaji. Kwatsi huchaguliwa kwa sababu hupanuka kidogo mno kwa joto, na ikipindwa hurudi ilipokuwa bila kuacha alama.

Hata hivyo mzigo wa usahihi haujatoweka. Umehamia kwenye sumaku, na sumaku hudhoofika joto linapopanda. Ndiyo maana ndani ya vifaa hivi huwekwa kipimajoto, na kila kimoja hutoka kiwandani na milinganyo yake ya kusahihisha joto.

Mhandisi_Pwani

Naongeza jambo kuhusu ukubwa wa tungamo, kwa kuwa ndilo linalotenganisha chipu na vifaa vikubwa. Kwa sababu ya joto, molekuli za hewa hazikomi kuligonga tungamo, na kelele inayotokana na hilo, yaani kuchezacheza kwa usomaji hata kifaa kikiwa kimetulia, hupungua kadiri tungamo linavyokuwa zito na kadiri ufifishaji wa mtetemo unavyokuwa mdogo. Chipu za silikoni zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama ADXL50 ya kampuni ya Analog Devices, zilikuwa na tungamo lisilofika hata mikrogramu moja. Zilisanifiwa kutambua ajali ili kufungua mifuko ya hewa ya magari, kwa hiyo zilipaswa kupima hadi g 50 na hapakuwa na sababu ya kuhangaikia mikro-g. Si haki kumlaumu msanifu kwa kazi ambayo hakutumwa.

Upande wa pili wa mizani tazama setilaiti ya GOCE ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa mwaka 2009 ili kupima uga wa uvutano wa dunia. Ilibeba akselerometa 6 zilizotengenezwa na ONERA, kituo cha utafiti wa anga cha Ufaransa. Tungamo la kila moja lilikuwa kipande cha platini na rodiamu chenye gramu 320 hivi, kikielea katikati ya elektrodi bila springi yoyote, kikiwa kimeunganishwa kwa uzi mmoja tu wa dhahabu wenye unene wa mikromita 5 ili chaji ya umeme isijikusanye juu yake. Huko angani hakuna uzito wa kubeba, kwa hiyo nguvu ndogo sana ya umeme inatosha kulishika. Kinachonivutia zaidi ni kwamba katika kila kifaa mihimili (mielekeo ya kupimia) miwili ilikuwa nyeti mno na wa tatu ulifanywa mgumu kwa makusudi, ili kiweze kuelea na kujaribiwa hapa duniani kabla ya kurushwa.

Turudi kwenye jengo lako. Kama linayumba kwa Hz 0.5, myumbo wa milimita 1 ni sawa na mili-g 1 hivi. Chipu yenye kelele ya mikro-g 400 kwa kila kipeuo cha pili cha Hz (kelele hukua kadiri upana wa frikwensi unazopima unavyoongezeka) itauona myumbo huo kwa taabu, na myumbo wa sehemu moja ya kumi ya milimita hautauona kabisa. Zipo chipu za kelele ya mikro-g 25 hivi, na kwa utafiti wako zinatosha. Usiombe fedha za kifaa cha kuongozea ndege.

Mkufunzi_Maabara

Mwanangu, kifaa chochote utakachonunua hakitaweza kutofautisha uvutano wa dunia na mchapuko. Sakafu ikiinama kwa milimita 1 katika mita 1, mhimili wa mlalo utasoma mili-g 1 na kompyuta yako itaamini kwamba jengo linakimbia. Kwa hiyo achana kabisa na umbali wa muda mrefu. Chuja kila kilicho chini ya Hz 0.1 kabla ya kujumlisha, nawe utapata myumbo wenyewe. Ukihitaji kujua kama jengo limeinama moja kwa moja, tumia vifaa vya upimaji wa ardhi.

Kabla ya kubandika kifaa, kisimamishe wima juu ya meza iliyosawazishwa kwa pimamaji, soma, kisha kipindue juu chini usome tena. Wastani wa somo mbili hizo ni kosa la sifuri, na nusu ya tofauti yao ni kipimo cha g moja. Ila usiandike 9.80665. Kwa latitudo ya Dar es Salaam g ni karibu 9.781, na tofauti hiyo ni zaidi ya mili-g 2.6, yaani zaidi ya kosa unalolilalamikia.

Mpimaji_Dar

Shikamoo Mkufunzi, na ahsanteni nyote. Nimekipindua kama ulivyoelekeza, nimetoa kosa la sifuri na kuchuja chini ya Hz 0.1. Mita 17 zimetoweka, na sasa naona kilele kinachojitokeza kidogo juu ya kelele karibu na Hz 0.5. Nitaomba chipu ya kelele ndogo. Lile la jua bado sijalielewa: joto lilishuka, kwa nini usomaji haukurudi?

Mkufunzi_Maabara

Marahaba. Sehemu iliyorudi ni chipu yenyewe ikipoa. Sehemu ambayo haikurudi, naishuku sponji yako. Ikipata joto hulainika, boksi likadidimia upande mmoja, na ikipoa haliinuki tena. Kwa boksi la sentimita 5, upande mmoja ukishuka kwa milimita 0.05 tu, tayari umepata mili-g 1. Bandua mkanda huo, tafuta bamba la alumini lenye miguu mitatu, lifunge sakafuni kwa skrubu, kisha ulifunike ili jua lisilifikie.